Kibali cha Kupiga Kelele

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Na wewe Shemeji pale mlangoni, unajifanya umemfuata mtoto, kumbe masikio yote yako huku. Ingia ukae. Hapa hapana kiingilio, ila kila mtu atoe sauti yake. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Ehe, sasa mmeamka.

Zamani hizo za kale, kabla Bata Mzinga hajajua kwamba yeye ni kitoweo, palikuwa na kundi la kanga. Si kanga za kuvaa, wewe binti, usijitazame kiunoni. Kanga ndege, wenye madoa. Walikaa kwenye uwanda wenye mbegu nyingi, na kando ya uwanda palikuwa na kichaka cha miiba. Na huko juu alikaa nani? Huko juu alikaa Mwewe.

Kanga hawakuwa na mkubwa. Walichokuwa nacho ni mdomo. Mwewe akitokea, aliyemwona wa kwanza alipiga kelele: kekekekeke! Semeni nami.

Kekekekeke!

Basi wote mbio, puru puru puru, kichakani. Mwewe anashuka, anakuta vumbi. Anarudi juu na njaa yake.

Lakini msidhani mambo yalikuwa mazuri. Kanga walikuwa na kiherehere. Jani likianguka, kekekekeke. Kipepeo akipita, kekekekeke. Mbio, rudi, mbio, rudi. Jioni inafika mtu hajala punje ya maana. Na aliyewazidi wote kwa kiherehere ni mama mmoja aitwaye Bi Madoa. Mayai yake kenge aliyala, likabaki moja tu, akatoka kifaranga akamwita Kitone. Kwa ajili ya Kitone, Bi Madoa alikuwa tayari kulikimbia hata wingu. Wenzake walikuwa wamemchoka.

Siku moja akatokea Bata Mzinga. Huyu alikuwa akikaa mjini, uani kwa bwana mmoja, akilishwa mahindi asubuhi na jioni. Kwa nini alikuwa akilishwa hivyo, hakuwahi kuuliza. Siku hiyo lango lilikuwa wazi, akatoka kutembea, akapotea. Mwenyewe alisema ametumwa. Kifua mbele, mkia umefunguka, nyama nyekundu inaning'inia mdomoni, gulugulugulu.

"Nyinyi," akasema, "tatizo lenu hamna uongozi."

"Kweli kabisa," wakajibu kanga, maana walikuwa na njaa.

"Kwetu sisi kila kitu ni utaratibu. Asubuhi chakula, jioni chakula. Hakuna anayekimbia ovyo."

Wakampandisha juu ya kichuguu, wakamwita Mheshimiwa.

Kwanza akapanga ulaji. Wenye watoto huku, wasio na watoto kule, hakuna kusukumana. Hilo lilikuwa jema, tumpe haki yake. Watu wakala wakashiba. Halafu akapiga marufuku kelele bila kibali.

Bi Madoa akainua bawa. "Samahani, Mheshimiwa. Mwewe akija?"

"Utaratibu utafuatwa. Ukimwona Mwewe, nenda polepole kwa Kinyonga umweleze. Kinyonga ataniletea taarifa. Nikiridhika, nitatangaza."

"Na Mwewe atangoja?"

Kundi likacheka. Mheshimiwa hakucheka. "Atakayepiga kelele bila kibali," akasema, "atafukuzwa kundini."

Wakampigia mabawa, pwata pwata pwata.

Kinyonga mnamjua. Hatua moja mbele, anajipima, anarudi nusu. Alichaguliwa kwa sababu hana papara. Tena akikaa karibu na Mheshimiwa anageuka mwekundu kama yeye, na Mheshimiwa alilipenda sana jambo hilo.

Pakawa kimya. Nyamazeni na nyinyi kidogo. Nyamazeni kabisa. Mnaona kunavyopendeza? Hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa uwandani.

Kila asubuhi Mheshimiwa akawauliza, "Tangu nishike uongozi, kuna aliyesikia kelele za Mwewe?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Basi Mwewe hayupo."

Mwewe naye huko juu akasikia kwamba hayupo, akashukuru. Akaanza kushuka kwa adabu, asije akavuruga utulivu wa watu. Leo kifaranga wa huyu, kesho kifaranga wa yule. Mama mmoja akaenda kwa Kinyonga, analia kwa ile sauti ndogo inayoruhusiwa.

"Nimeona kivuli," akasema.

"Umeona kivuli, au umemwona Mwewe mwenyewe?"

"Kivuli cha Mwewe."

"Hayo ni mambo mawili," akasema Kinyonga. "Tuanze na kivuli."

Taarifa ilipofika kichuguuni, kivuli kilikuwa kimekwenda zake na mtoto. Mheshimiwa akatazama juu, akaona mbingu nyeupe. "Nimechunguza," akatangaza. "Hakuna kivuli." Na wala hakusema uongo.

Sasa nisikilizeni. Bi Madoa yuko uwandani anaparura ardhi. Kitone yuko mbele yake anafukuza sisimizi. Mara pakaingia kiza juu ya Kitone, kiza kidogo, upana wa mabawa mawili. Bi Madoa akamtazama Kinyonga. Yuko mbali, mguu mmoja hewani. Akatazama kichuguuni. Mheshimiwa ameinama anakula. Moyo ukampasuka. Akinyamaza atabaki na kundi. Akipiga kelele atabaki na mtoto.

Haya, msaidieni basi.

Kekekekeke!

Naam. Miguu ya kanga ikakumbuka yenyewe. Puru puru puru, kichakani. Kitone chini ya bawa la mama yake. Mwewe akaambulia unyoya mmoja. Mheshimiwa naye alikimbia, na hakuwa wa mwisho. Alipotoka kichakani alijikung'uta miiba kwanza, ndipo akakasirika.

"Nani amepiga kelele bila kibali?"

Wote wakamtazama Bi Madoa.

"Ni mimi," akasema. "Mwanangu yuko hai."

"Hilo sikuuliza. Nimeuliza kibali."

Wenzake wakainamisha vichwa. Walimwonea huruma, lakini shibe nayo walikuwa wameizoea. Bi Madoa akafukuzwa. Akamchukua Kitone, wakavuka korongo, wakakaa ng'ambo peke yao. Yule mama aliyepotelewa na mtoto akamnong'oneza, "Pole, dada." Alinong'ona, kwa sababu kunong'ona hakukuhitaji kibali.

Siku zikapita. Kule mjini sikukuu ikakaribia. Yule bwana mwenye ua akamkumbuka bata wake, akachukua gunia, akafuata nyayo mpaka uwandani. Anakuja kwa kunyata, nyata, nyata, nyuma ya kichuguu. Aliyemwona wa kwanza ni Bi Madoa, kule ng'ambo.

Mie ningekuwa Bi Madoa ningenyamaza, nawaambia ukweli wa moyo wangu. Ningekaa nikatazama sinema. Lakini yeye alikuwa na kile kiherehere chake. Akaona hatari inakwenda kwa watu, akapaza sauti.

Kekekekeke!

Kanga wote, puru puru puru, kichakani. Uwandani akabaki mmoja. Bata Mzinga alikuwa amesikia kila kitu, na kilichomuudhi ni kelele. Akapanda juu kabisa ya kichuguu, kifua mbele, mkia umefunguka, ili aonekane vizuri.

"Nani huyo," akasema, "amepiga kelele bila ki..."

Gunia.

Kinyonga, aliyekuwa pembeni, akageuka rangi ya gunia.

Kanga wakatoka kichakani mmoja mmoja. Wakavuka korongo, wamejaa aibu, wakamwomba Bi Madoa radhi. Wakataka kumpandisha yeye juu ya kichuguu.

"Sitaki," akasema Bi Madoa. "Ule mpango wa kula ubaki, ni mzuri. Mchagueni wa kuusimamia, naye mkimwona amekosea mwambieni. Lakini mdomo wangu siuombei ruhusa, na wenu msiuombee."

"Na jani likianguka?"

"Tutakimbia, tutachekana, tutarudi kula."

Kitone akawa wa kwanza kucheka.

Funzo nalisema wazi, ili Shemeji asije akasema hakuelewa. Kundi linahitaji mpango, na mpango unahitaji msimamizi. Lakini mkubwa anayeziba midomo ya watu asidhani amepata amani. Amepata kimya tu, na siku hatari ikimjia yeye, ataambiwa wala hatasikia.

Ngano yangu naitua hapa hapa, anayeitaka aibebe kwenda nayo kwao. Haya, kabla hamjaondoka. Paukwa!

Mbona kimya? Mnangoja kibali cha nani?