Fisi Aliyeomba Ukurasa wa Mama Swala

Hapo zamani za kale, wanangu, kompyuta zilipokuwa kubwa kama nyumba, ndani ya moja palikuwa na mji wa wanyama. Kila mnyama alikuwa na kurasa zake za kumbukumbu. Chache zilikaa rafuni, karibu. Nyingi zilikuwa ghalani, mbali.

Mlinzi wa kiini cha mji alikuwa Kindi. Mnyama akiukosa ukurasa rafuni, huita, "Haupo!" Kisha hushika nguzo na kulala papo hapo, ndiyo desturi, mpaka Kindi aulete na kumwamsha. Lakini Kindi mwenyewe hakuruhusiwa kuanguka. Akianguka yeye, pu! Mji mzima unazimika.

Kwa hiyo hakutulia. Huku mbio, kule mbio, mkia juu, moyo ukimdunda.

Siku moja akaja Fisi, anahema. Nguzo hakuigusa.

"Haupo! We kimkia, niletee ukurasa wa anwani hii. Upesi!"

Kindi akatupa jicho kwenye ramani. Lahaula! Anwani ilikuwa ya Mama Swala. Katika ukurasa ule Mama Swala alikuwa ameweka neno la siri la kufungulia mlango wake, na ndani walikuwamo wanawe.

"Kaka Fisi, anwani hii ni yako?"

"Yangu, ya nani, yakuhusu nini? Lete, au nikukanyage!" Akapiga mguu chini, di! Taa za mji zikapepesa.

Kindi akayumba. Akimpa, watoto wameliwa. Akimkatalia, anakanyagwa, na mji unazimika. Afanyeje?

Mara akainama kwa adabu. "Shikamoo, bwana mkubwa! Nani akukatalie wewe? Ila ukurasa uko ghalani. Shika nguzo basi. Au wakubwa siku hizi hawajui desturi?"

"Mimi nisijue? Nimeilalia nguzo hii kabla wewe hujaota mkia!" Fisi akaikumbatia, akafumba macho. Khorr! Khorr!

Kindi akamtekenya pua. Wapi!

"Lala, kaka," akanong'ona. "Wa kukuamsha ni mimi tu, na mimi sina chako cha kukuletea."

"Haupo!" Twiga akaita upande wa pili.

Kindi akatazama ramani kwanza. Naam, ukurasa ulikuwa wa Twiga kweli. Akachomoka, fyuu! Huyoo ghalani.

Na Fisi? Alikoroma palepale, wana wa Swala wakicheza kombolela na kujificha nyuma ya mgongo wake.

Basi wanangu, ukiombwa kitu, kabla hujakimbilia kukileta, uliza kwanza ni cha nani.