Chepe na Marafiki Walionuniana

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kupika uji kila asubuhi, waliishi watoto watatu marafiki: Bungala mtoto wa Tembo, Sikudhani binti Kifaru, na Chepe mtoto wa Nguchiro, mdogo kama kiatu lakini mwepesi kweli kweli.

Siku moja walifunga bembea ya kamba za mwituni.

"Naanza mimi!" alisema Bungala.

"Thubutu! Kamba nimeleta mimi!" alisema Sikudhani.

Huyu akavuta, yule akavuta. Kacha! Bembea ikakatika.

"Umeikata!"

"Wewe ndiye uliyeikata! Sichezi nawe tena!"

Siku tatu zikapita. Wakikutana njiani, kila mmoja anageuza uso. Chepe akawa anacheza peke yake, na mchezo wa peke yako, wanangu, hauna ladha. Alijaribu kuwasuluhisha, lakini kila mmoja alimjibu, "Aje yeye kwanza."

Siku ya nne Chepe akaenda mbio kwa kina Bungala. "Bungala we! Sikudhani amekwama topeni kule mtoni! Tope limemfika kifuani!"

Bungala aliacha uji mezani, akatoka tii! tii! tii!

Chepe akakata njia ya mkato hadi kwa kina Kifaru. "Sikudhani! Bungala amekwama topeni kule mtoni!"

Sikudhani alikuwa anasukwa nywele. Alichomoka na upande mmoja haujasukwa.

Wakakutana kwenye kona ya mto. Puu!

"Umetokaje topeni?" aliuliza Bungala, akihema.

"Tope gani? Si wewe uliyekwama?"

Wakatazamana. Wote wakavu, hata nyayo.

"Kwa hiyo ulikuja kunitoa mimi?" Sikudhani aliuliza polepole.

"Ningekuacha uzame?" Bungala aliinamisha mkonga. "Ile kamba... nami niliivuta kwa nguvu mno."

"Hata mimi."

Hapo wakamwona Chepe juu ya kichuguu, anajifanya anahesabu mchwa.

"Chepe! Umetudanganya! Moyo wangu ulitaka kupasuka!" alisema Sikudhani.

"Nisameheni," alisema Chepe. "Lakini mbona hakuna aliyeuliza mwenye kosa ni nani? Mmekimbia tu."

Sikudhani akaanza kucheka, Bungala akafuata. Wakarudi kufunga bembea upya, kwa kamba mbili.

"Anza wewe," alisema Bungala.

"Hapana, anza wewe."

"Nimesema wewe!"

"Sitaki, wewe!"

Sauti zikapanda tena! Wakati wanabishana, Chepe akaruka, pyu! akaketi kwenye bembea.

"Basi naanza mimi. Nisukumeni!"

Nao wakamsukuma, wote wawili, huku wakicheka.

Wanangu, ukigombana na rafiki, mrudie kwanza. Kutafuta mwenye kosa kunaweza kungoja.