Kigoda Kimoja kwa Mzee Ndimbo

Hapo zamani, na si zamani za sungura na fisi, ni zamani hizihizi za dripu na sindano, palikuwa na hospitali kubwa huko nyanda za juu kwenye baridi. Anayeijua hadithi hii kunishinda mimi hajazaliwa, na mama yake hajaolewa.

Mnadhani mfamasia ni mtu wa kukupa panado dirishani? Thubutu! Huko walikuwepo wawili, Nyagawa na Sekela. Digrii wanazo, wakarudishwa kusoma tena, si darasani bali wodini, kitanda kwa kitanda, wajifunze kumpimia mgonjwa dawa. Mwalimu wao, Bi Mbilinyi, alikuwa na sheria moja: "Mmoja apige hesabu. Mwingine aifunike kwa kiganja, apige yake. Zikilingana, dawa iende."

Akaletwa Mzee Ndimbo, fundi ngoma, kavimba maji mwili mzima, maradhi yameingia kwenye damu. Wakampima uzito, wakamwanzishia sindano kali, ambayo dozi yake hufuata uzito wa mgonjwa. Sindano ile huponya. Ikizidi, huua masikio.

Maji yakatoka. Mzee akakonda. Dozi ikabaki ileile.

Nyagawa alipiga hesabu kwa uzito wa mwanzo. Hakumrudisha mzee kwenye mizani.

Sekela alimwona mzee kafunga suruali kwa kamba, akajua amekonda. Lakini madaktari wanapozunguka wodi, mwanafunzi hasemi kabla ya mwalimu wake. Akanyamaza. Walipotoka akaitwa kwingine, maneno yakabaki tumboni.

Siku hiyo wa kuirudia hesabu alikuwa Bi Mbilinyi mwenyewe. Aliiona, akaona ni ya Nyagawa, mwanafunzi wake bora. Kiganja hakukiweka. Akatia sahihi.

Damu ya mzee ikapona. Akarudi nyumbani, akakausha ngozi motoni, akaiwamba, akapiga, akainamisha sikio. Akapiga tena kwa nguvu.

"Mbona hii haisemi?" akamwuliza mkewe, Bi Kapinga.

Mkewe akalia. Ngoma ilikuwa inasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Wale watatu wakaja kuomba radhi. Na hospitali ilikwisha kuwaonya: atakayekiri mbele ya mzee, kazi hana. Bi Kapinga akatoa kigoda kimoja.

"Mama, tuko watatu," akasema Sekela.

"Nawaona! Nyumba hii ina kiziwi, haina kipofu. Mzigo wa watatu huanguka njiani, kila mmoja akidhani mwenzake kaushika. Akae mmoja. Mume wangu hasomi, basi amweleze kwa mikono, huku anamtazama usoni."

"Akae Sekela," akasema Nyagawa. "Mimi nilikosea bila kujua. Yeye alijua."

"Nilijua, kaka, ila ulimi wangu ulifungwa na desturi. Akae mwalimu aliyeilea."

"Mimi nilimwamini mwanangu," akasema Bi Mbilinyi. "Kumwamini uliyemfunza mwenyewe, hilo nalo kosa? Akae aliyepiga hesabu."

"Na sahihi, mama, ni ya nani?" akauliza Nyagawa.

Bi Kapinga akacheka kicheko kikavu. "Penye kusema mlinyamaza. Leo mnasema wote, na masikio yamekwisha."

Mzee Ndimbo akainua kichwa kutoka kwenye ngoma yake, akawaona wageni, akatabasamu. "Karibuni!" akapaza sauti, kama wapazavyo viziwi, akawaonyesha kigoda.

Hakuna aliyesogea. Haya, ninyi mnaojidai wajuzi kunipita: kigoda ni kimoja na mzee anangoja. Je, nani alistahili kukikalia?