Mama Aliyeelewa Kila Kitu

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana shamba mmoja aliyeipenda kazi yake. Miaka minne alifundisha kijiji kimoja kupanda mahindi kwa mstari: vuta kamba, pima, chimba shimo, weka mbegu mbili. Kila mkutano aliumaliza kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Watu wanaitikia, "Tumeelewa!" Anaandika idadi ya waliohudhuria, anawasha pikipiki, huyoo.

Siku moja yeye na maafisa ugani wenzake wakaitwa kwenye semina, wafundishwe kutathmini kazi zao. Mkufunzi akamwuliza mbele ya wenzake, "Umefundisha watu mia tatu. Vizuri. Wangapi wanapanda hivyo?"

Bwana shamba akafungua daftari, akalifunga. Hakujua. Miaka minne, hakujua!

Aliporudi akaenda moja kwa moja kwa mama mmoja ambaye hakuwahi kukosa mkutano, mama wa kukaa mbele kabisa. Alikuta nini? Mahindi ovyo ovyo, hapa matatu yamebanana, pale pengo. Na mwenyewe hayupo. Bwana shamba akajisemea, kumbe mimi sijui kufundisha.

Lakini ng'ambo ya njia akaona shamba ambalo mistari yake imenyooka, unapita katikati bila kugusa jani. La nani? La mzee mmoja aliyekuja mkutanoni mara moja tu, na siku hiyo alisinzia.

"Shikamoo mzee. Nani alikufundisha?"

"Marahaba. Si huyu mama jirani yangu! Alinieleza kila kitu, mpaka vipimo."

Sasa niambieni, ninyi mngeelewa nini hapo? Aliyesinzia shamba lake zuri. Anayejua mpaka anafundisha wengine, shamba lake vurugu. Bwana shamba akachanganyikiwa kabisa. Ni mvivu huyu mama? Ana dharau? Akamngoja mpaka akarudi na ndoo yake ya maji.

"Mama, wewe unajua kuliko mimi. Mbona kwako hufanyi?"

Mama akatua ndoo. "Mwanangu, mistari ya yule mzee umeiona? Niliichimba mimi. Kibarua. Wiki ya kupanda, nisipokwenda kwenye mashamba ya watu, sili. Langu nalipanda mwisho, jioni mbili, peke yangu, mvua inanikimbiza. Hiyo kamba nitaivuta saa ngapi?"

"Miaka minne, mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza kama tumeelewa. Nami nilielewa."

Bwana shamba akakaa chini, pale pale kwenye tuta. Akatoa fomu yake ya tathmini. Huyu mama amwandike wapi? Kwa waliofaulu, au kwa walioshindwa?

Msimu uliofuata hakuanza na mkutano. Alizunguka kaya kwa kaya akiuliza, "Kinakushinda nini?" Na shamba la yule mama lilipandwa asubuhi moja, kabla ya mvua, na majirani sita. Yule mzee alikuwa wa kwanza kufika.

Sasa sisi hapa kanisani. Sisi tunahesabu watu kwenye mabenchi. Nasema "Bwana asifiwe," mnajibu "Amina," tunarudi nyumbani tumeridhika. Tukimwona dada ambaye bado hajasamehe, au kaka ambaye haombi na watoto wake, tunasema ana moyo mgumu. Nani kati yetu amemwuliza wiki yake ikoje? Na wewe unayesifiwa kwa maisha yaliyonyooka, una hakika uliyachimba mwenyewe?

Nimesimama hapa miaka kumi na moja. Leo nasema kweli mbele za Mungu: sijui mahubiri yangu yamefanya nini majumbani kwenu. Sijui!

Jumatano hii hakuna ibada. Nakuja kwenu. Nitaanza na nyumba za nyuma ya shule. Mkiniona mlangoni, msihangaike na chai. Semeni tu kinachowashinda, na mimi nitanyamaza nisikie.