Tanuri la Pandu na Mtaa wa Chokaa Nyeupe

Hapo zamani, katika mji wa Bandakuu, walikuwako watu wenye nyumba, watu wenye kazi na watu wenye vyeo. Na katika hao wote, wenye vyeo ndio waliokuwa na nafasi nyingi zaidi, maana hawakuwa na jambo la kufanya ila kuwatafutia wenzao mambo. Mkubwa wao alikuwa Bwana Khalfani bin Zahrani, shemeji yake Sultani. Bwana huyu alipata kusafiri mara moja kwenda mji wa mbali, akakaa huko majuma machache akiugua tumbo, kisha akarudi na kilemba kirefu, fimbo ya kupimia yenye kichwa cha fedha, na neno moja jipya: mpango. Basi akiketi husema mpango, akisimama husema mpango, hata Sultani Masudi, aliyependa kila kitu kipya madhali hakikumlazimu kufikiri, akamfanya Msimamizi wa Mpango wa Mji.

Haikupita muda, mpiga mbiu akazunguka mitaani akitangaza:

"Sikilizeni, enyi watu wa Bandakuu! Tangu leo mji umegawanywa. Kila nyumba iliyopakwa chokaa nyeupe imo katika Mtaa wa Makazi. Humo mtu atakula, atalala na kupumzika. Kazi ya namna yoyote, iwe ya mkubwa au ya mdogo, ni marufuku. Kazi zote zihamie Mtaa wa Kazi, kule bondeni panapolowekwa ngozi. Atakayeonekana akifanya kazi katika mtaa mweupe, zana zake zitatwaliwa, na raia yeyote ana ruhusa kuzitwaa na kuzipeleka kwa Sultani!"

Nyuma ya mpiga mbiu wakaja watu wenye ndoo, wakapaka chokaa karibu mji mzima, wakianza na jumba la Sultani lenyewe, maana Khalfani alitaka shemeji yake auone ukuta wake uking'aa.

Sasa, ng'ambo ya nyumba mpya ya Khalfani palikuwa na kibanda cha Pandu, mchoma mikate ya mofa. Pandu hakuwa na kitu duniani ila mkewe Mize, tanuri la udongo mlangoni pake, na mdomo ambao majirani waliusema kuwa umekosa kufuli. Kila alfajiri aliwasha moto, Mize akakanda unga wa mtama, na kabla jua halijapanda wachukuzi wa mizigo wamekwisha pata mofa zao za moto wakaenda zao. Hata mpishi wa Khalfani alikuwa akija, ila yeye alipitia mlango wa nyuma na kapu lake akalifunika.

Khalfani mwenyewe alikula mofa hizo na hakuwa na neno nazo. Neno alikuwa nalo na moshi. Alikuwa amejenga sebule juu ya dari, na alipoketi pale asubuhi kunywa kahawa, moshi wa Pandu ulimpitia puani. Basi mji mzima ukagawanywa, watu wakapoteza riziki zao, ili bwana mmoja anywe kahawa bila kupiga chafya.

Siku ya kwanza makarani wawili wa Khalfani walimwendea jirani yake Pandu, Bi Kazija, kizee asiyeona, aliyekuwa barazani kwake akisuka mkeka. Wakamnyang'anya ukindu wote. Bi Kazija akabaki akipapasa sakafu kwa viganja vyake, akiuliza, "Ni nani? Ni nani aliyeuchukua?" Wale makarani wakaondoka bila kumjibu, kwa kuwa kujibu hakukuwamo katika agizo.

Kisha wakaja kwa Pandu. Karani mmoja akasema, "Zima moto huo. Huu ni mtaa wa makazi."

"Vyema, bwana," akasema Pandu. "Nami nihamie wapi?"

"Mtaa wa Kazi. Nenda ukaombe kiwanja."

Pandu akazima moto, akashuka bondeni. Akamkuta karani mwingine ameketi chini ya mwavuli, mbele ya tope tupu lililozungushiwa kamba.

"Nataka kiwanja cha tanuri," akasema Pandu.

"Viwanja vimekwisha."

"Vimekwishaje? Sioni hata kibanda kimoja."

"Vimekwisha kwenye mpango," akasema yule karani. "Hicho ni cha binamu yake Bwana Khalfani, na hicho cha mkwewe, na hicho ni cha mtoto atakayezaliwa. Nenda kamwombe Bwana Khalfani mwenyewe."

Pandu akaenda kwa Khalfani, akaambiwa alete kwanza ruhusa ya karani wa bondeni. Akarudi bondeni, akaambiwa karani hatoi ruhusa ila kwa amri ya Khalfani. Akapanda, akashuka, hata mbwa wa njiani wakamzoea wakaacha kumbwekea. Nyumbani tanuri likapoa. Mize akauza bangili zake, kisha akauza kinu. Wachukuzi wakapita asubuhi na njaa, wakichungulia mlangoni, wakiona jivu.

Usiku mmoja Mize alilala bila kusema neno, na jambo hilo lilimtia Pandu hofu kuliko makarani wote wa Bandakuu. Kulipopambazuka akachukua kuni, akawasha moto.

"Mume wangu," akasema Mize, "watakufunga."

"Wakinifunga nitakula cha Sultani. Wasiponifunga tutakula chetu. Kanda unga, mke wangu."

Moshi ukapanda, ukaingia katika kahawa ya Khalfani. Naye akashuka mbiombio, fimbo mkononi, nyuma yake karani mwenye kalamu na wino, na wanaume wanne wenye sululu. Watu wakajaa njiani kutazama. Mize akasimama mbele ya tanuri amejifunga kanga kiunoni, na machozi yanamlengalenga.

Pandu hakusimama. Alitandika jamvi karibu na moto, akalala chali, mikono kisogoni.

"Ewe baradhuli!" akapiga kelele Khalfani. "Umethubutu kufanya kazi katika mtaa mweupe?"

"Mimi, bwana? Mimi nimelala. Moto ndio unaowaka, na mofa ndizo zinazoiva. Kama zinafanya kazi, zikamateni."

Watu wakacheka. Khalfani uso ukamwiva. Akawageukia wale wanaume wanne, akasema, "Vunjeni tanuri hili!"

Walipoinua sululu, Pandu akaketi, akawauliza kwa upole, "Ndugu zangu, mmekuja hapa kucheza au kufanya kazi?"

Yule mkubwa wao, ambaye siku nyingi alikuwa akinunua mofa pale kwa mkopo, akajibu, "Tumekuja kazini, Pandu. Usituone vibaya."

"Siwaoni vibaya. Ila angalieni kuta hizi, zote nyeupe. Kazi ya namna yoyote ni marufuku hapa, na raia yeyote ana ruhusa kutwaa zana. Mimi ni raia. Hebu nipeni sululu hizo."

Wale wanne wakatazamana. Kisha yule mkubwa akatabasamu, akamkabidhi Pandu sululu yake, na wenziwe wakafuata, wakaketi kivulini kama watu waliopewa likizo.

Khalfani akamfokea karani, "Andika! Andika kila neno la mwendawazimu huyu!"

Karani akachovya kalamu.

"Unaandika kwa kujifurahisha, bwana?" akauliza Pandu.

"Kujifurahisha!" akasema karani kwa dharau. "Mimi niko kazini."

"Basi lete kalamu," akasema Pandu, akaichukua, na kidau cha wino pia.

Hapo Khalfani akashindwa kujizuia, akaja mbele, akamwinulia fimbo usoni, akisema, "Unajua mimi ni nani? Mimi ni Msimamizi wa Mpango! Nimekuja hapa kwa kazi ya Sultani!"

Pandu akanyosha mkono, akaishika ile fimbo kwa ncha mbili za vidole, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akasema, "Umekiri mwenyewe, bwana wangu, na mashahidi ni hawa wote." Kilemba cha Khalfani kikamlegea kikamwangukia jichoni, naye kwa kuhangaika kukishika akaiachia fimbo.

Pandu akazifunga zana zote kwa kamba, akazitia begani, akashika njia ya kwenda kwa Sultani, kwa kuwa ndivyo agizo lilivyosema. Khalfani akamfuata akihema, na watu wakawafuata wote wawili.

Sultani Masudi aliwapokea barazani akiwa amekwisha sikia nusu ya habari, tena ile nusu aliyoitanguliza Khalfani kwa karani wake. Alikuwa amekasirika, na hasira ya Sultani haikuwa mchezo. Katika mwezi ule alikuwa amemfunga mtu kwa kukohoa wakati wa shairi la kumsifu.

"Umewanyang'anya watumishi wangu zana zao?" akauliza.

"Naam, Maulana. Nimezileta kama ulivyoagiza. Hesabu haikupungua."

"Nyamaza! Leo nitakuhukumu, na hukumu yangu hutaisahau."

Pandu akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akamkumbuka Mize peke yake na moto, lakini mdomo haukuwa na kufuli.

"Maulana, nipe ruhusa niulize neno moja kabla ya hukumu. Kuhukumu ni kazi au ni mapumziko?"

"Ni kazi, ewe mjinga! Ni kazi nzito kuliko zote!"

"Nilijua," akasema Pandu kwa huzuni, akainua uso, akautazama ukuta mweupe wa kulia, akautazama mweupe wa kushoto. Kisha macho yake yakatua juu ya kiti cha enzi. Akakizunguka taratibu, akainama akaangalia miguu yake, akajaribu kukipima uzito kwa ncha ya mkono, huku akinong'ona, "Hiki peke yangu sikiwezi. Itabidi niwaite wale jamaa wanne."

Mawaziri wakaziba vinywa kwa vilemba. Sultani akabaki ameshika mikono ya kiti kana kwamba kinachukuliwa kweli. Akamtazama Pandu, akautazama ukuta, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Nani aliyepaka nyumba yangu chokaa hii?"

"Ni... ni mpango, Maulana," akasema Khalfani.

Sultani akafikiri, na kwa kuwa hakuzoea, ilichukua muda. Kisha akasimama, akasema kwa sauti ya kisultani, "Agizo langu haliwezi kuvunjwa, hata na mimi. Tutakwenda Mtaa wa Kazi, na huko nitahukumu."

Basi ikawa baraza zima kushuka bondeni, Sultani mbele na mwavuli wake wa hariri, mawaziri nyuma, na watu wa Bandakuu pande zote. Walipofika, hawakuona mtaa. Waliona maji meusi ya ngozi, nzi, na kamba zilizozungushwa juu ya tope. Sultani akapiga hatua mbili, ya tatu ikazama mpaka gotini. Walipomvuta, kiatu chake cha dhahabu kikabaki chini. Wakakitafuta kwa mikono, hawakukiona.

"Maseremala wako wapi?" akauliza Sultani, amesimama kwa mguu mmoja, akimkazia Khalfani macho. "Wafinyanzi wako wapi? Uliniambia wamejaa hapa wakishangilia!"

"Viwanja vimekwisha gawanywa, Maulana," akasema yule karani wa bondeni, ambaye uoga ulimtia ukweli. "Ni vya jamaa zake Bwana Khalfani."

Watu wakaguna. Bi Kazija, aliyeletwa pale kwa kushikwa mkono, akauliza kwa sauti kavu, "Ndipo ukindu wangu ulipokuja kukaa?"

Sultani akainamisha kichwa. Alijua kuwa mji wote unamtazama, unatazama mguu wake wenye tope, na kwamba mpango wa tope lile aliutia muhuri yeye mwenyewe.

"Khalfani," akasema hatimaye, "kazi yako ni kupima na kupanga?"

"Ndiyo, Maulana."

"Na kazi haifanywi katika mtaa mweupe?"

"H-haifanywi, Maulana."

"Basi ofisi yako ni hapa, tangu leo, asubuhi hadi magharibi, kila siku. Na jamaa zako wenye viwanja wahamie viwanjani mwao. Kizee arudishiwe ukindu wake na apewe mkeka mpya. Na wewe, Pandu, nakupa cheo cha Msimamizi wa Mpango."

"Maulana anisamehe," akasema Pandu. "Nina mikate motoni, na mke wangu ananingojea ajue kama ni mjane."

Hata hivyo, Sultani alikuwa Sultani. Kulifuta agizo kungekuwa kukiri kwamba alikosea, na jambo hilo halikuwa limepata kutokea katika ukoo wake. Basi siku ya pili mpiga mbiu akatoka tena, akatangaza kuwa Maulana, kwa hekima yake, ametafakari na kutambua kwamba kuchoma mofa, kusuka mikeka, kupiga randa, kufinyanga vyungu na mengineyo yafanywayo katika mtaa mweupe, si kazi hata kidogo, ila ni namna za kupumzika.

Ikawa tangu hapo, mtu akipita alfajiri akimkuta Pandu mbele ya tanuri, jasho linamtiririka, macho mekundu kwa moshi, humwambia, "Umepumzika, Pandu?" naye hujibu, "Nimepumzika sana leo, ndugu yangu, hata mgongo unaniuma." Na katika Bandakuu yote akabaki mtu mmoja tu aliyehesabiwa rasmi kuwa anafanya kazi, naye alikuwa ameketi bondeni juu ya kigoda, akiwafukuza nzi kwa fimbo aliyorudishiwa, ile yenye kichwa cha fedha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na aliyenisimulia alikuwa anatafuna mofa.