Mistari Aliyoiacha Shekiango

Mfagiaji asiyesoma hutupa hata wosia. Mmeisikia methali hii karakanani leo, wanangu, na mnataka kujua nani aliyeitamka kwanza. Chanzo chake ni hiki.

Katika kituo kimoja cha kupima mvua, milima ya Usambara, palikuwa na kompyuta ya kale. Ilipokufa, kumbukumbu za mvua za miaka arobaini zikawa hazisomeki tena. Fundi Shekiango akaandika programu ya kuiigiza mashine ile, hata kompyuta mpya zikaweza kuzisoma. Katika kila hatua alitia mstari wa kuchapisha maneno kwenye skrini, apate kujua kasoro iko wapi: "Nimefika hapa." "Hesabu imekwama."

Kisha akaugua koo, sauti ikampotea. Akafanya kazi kimya hadi alipofariki.

Kazi ikamwangukia Mwanahawa, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe. Wakubwa wakataka programu isafishwe. Mistari ile ya kutafutia kasoro ilipita elfu. Mwanahawa akasoma kumi ya mwanzo, akaona yote ni ile ile, akaifuta kwa amri moja. Skrini ikanyamaza, programu ikaenda mbio, akasifiwa.

Wiki ya pili akaja Zahara, binti wa marehemu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

"Baba aliniandikia hii siku zake za mwisho. Nimeipata kwenye koti lake."

Mwanahawa akaipokea karatasi, akasoma: *Niliyoshindwa kukutamkia nimeyaandika katikati ya mistari ya programu, maana karatasi hupotea. Mwanahawa atakusomea.*

Akatafuta nakala ya programu ya kabla ya kusafishwa. Ya ofisini ilikuwa imefutwa, ile mpya ikawekwa mahali pake. Kompyuta ya marehemu ilikwisha kufutwa, ikapewa mwingine.

"Hakuna hata neno moja, dada?"

"Nimeyafuta kwa mkono wangu. Sikusoma. Nisamehe."

Zahara hakugomba. Akaikunja karatasi, akaomba aketi kidogo kwenye kiti cha baba yake. Akaketi, akiitazama ile skrini isiyosema kitu, na Mwanahawa akasimama nyuma yake akilia.

Mwanahawa alizeeka katika kazi ile. Kila aliyepewa programu ya kusafisha, Mwanahawa alimwita kando, akamsimulia habari za Zahara bila kujificha, kisha akamwambia taratibu: mfagiaji asiyesoma hutupa hata wosia.