Moto wa Uji wa Mzazi

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni basi. Wewe, acha kumfinya mwenzio.

Hapo zamani, kibiriti hakijajulikana, alikuwapo mwanamke akiitwa Mwanakheri. Alfajiri moja dada yake, Mize, akajifungua mtoto wa kike. Mize alikuwa hoi, anatetemeka kwa njaa, na jikoni moto umezimika.

"Mdogo wangu, kimbia kwa jirani ukaombe moto," akasema. "Nisipopata uji wa pilipili manga, leo mtanizika."

Mwanakheri akachukua kifuu, akaenda, akapewa kaa jekundu. Akarudi mbio. Njiani akamkuta mbuzi.

"Hujambo, Mwanakheri?"

"Sijambo. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila mmoja anakohoa."

"Ala! Pole. Kikohozi kikavu?"

Kaa likalia ndani ya kifuu: "Mwanakheri, nazimika!"

"Haraka haraka haina baraka," akalijibu, akauliza na habari za mume wa mbuzi. Kaa likafa.

Akarudi kwa jirani, akapewa kaa la pili. Akarudi mbio. Njiani akakuta kinu.

"Umeamkaje, kinu?"

"Sikulala, mgongo unaniuma. Jana wamenitwanga mno."

"Masikini!" Mwanakheri akakaa chini, akaukanda ule mgongo wa mti.

"Nazimika!"

"Haraka haraka..."

"Haina baraka!"

Enhe. Likafa.

"Mjinga huyo!"

Ngojeni, matusi bado. Akapewa kaa la tatu. Akarudi mbio. Njiani akakuta siafu, msafara mzima. Akawaamkia mmoja mmoja, na kila mmoja akamuuliza habari za watoto wake. Je, kaa lilisemaje?

"Nazimika!"

Halikusema kitu. Lilikufa tangu siafu wa nne.

Jua la utosini, akafika nyumbani na kifuu cha majivu. Mlangoni akapishana na kile kichanga cha alfajiri, kitovu hakijakauka, kimejifunga kanga, kinatembea.

"Shikamoo, mama mdogo. Nipe hicho kifuu."

"Marahaba. Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kuomba moto. Mama hawezi tena hata kunena."

Kikaenda. Kikarudi na kaa. Mbuzi akaita, kichanga kikajibu, "Baadaye, mama ana njaa!" Kinu kikaita, kikajibiwa, "Baadaye!" Siafu wakajipanga, kikawaruka. Kaa likafika linawaka, uji ukachemka, Mize akanywa, uhai ukamrudia.

Mwanakheri akakaa kizingitini, akalia kwa aibu. Hakuna aliyemuuliza hali.

Salamu ni adabu, wanangu, lakini mwenye njaa hashibi salamu. Ukitumwa, fika kwanza.

Hadithi yangu imekomea hapo, na koo limenikauka.